Kompyuta Namba Sita

Wanafunzi ishirini na watatu, kompyuta nane,
moja wapo haina herufi M.
Walioangukia hiyo nimewaambia
wabuni hoteli isiyouza muhogo wala maharage.
Wamecheka, kisha wamehama.

Somo la leo ni menyu.
Ukurasa mmoja: chakula kushoto, bei kulia,
katikati vinukta vitembee kama siafu
mpaka vifike kwenye shilingi.
"Bonyezeni Tabu," nasema,
"msibonyeze Nafasi mara arobaini."
Ndivyo tunavyokiita kitufe hicho hapa Ujiji,
na Hamimu, asiyekosa la kusema:
"Yaani mambo yanyooke, Mwalimu, lazima upitie tabu?"
Ndiyo, Hamimu. Na acha kumvuta kipanya mkia.

Wakaanza kuandika wanachokula,
na skrini zikaanza kutoka damu.
Mgebuka: mstari mwekundu.
Kuhe: mstari mwekundu.
Kisamvu, mawese, dagaa wa kukaanga,
kila sahani imechorewa chini vijiwimbi vyekundu
kana kwamba ndani ya kioo kuna msahihishaji
ambaye hajawahi kuonja hata ukoko.
Hamimu akajaribu piza.
Nayo nyekundu: hakuiandika kwa z mbili.

Nyabenda akanyoosha mkono.
"Tumekosea wapi?"
Miaka sita nafundisha somo hili,
sijaulizwa hivyo kwa sauti ndogo hivyo.
"Hamjakosea. Yenyewe ndiyo haijafundishwa.
Bofya kulia. Teremka. Ongeza kwenye kamusi."
Akabofya.
Darasa zima likaja kusimama nyuma ya kiti chake
kutazama neno likiacha kuvuja.

Songoro hakuinuka. Yuko namba sita.
Mama yake anapika Kibirizi, karibu na soko la samaki,
na menyu aliyoandika ni ya mama yake, si ya kubuni:

ugali wa muhogo ............ 500
maharage ya nazi ............ 700
mgebuka wa mawese ............
dagaa wabichi ............

Vinukta vinakwenda hadi ukingoni mwa karatasi
na havikuti kitu.

"Bei iko wapi?"
"Inategemea mwezi, Mwalimu.
Usiku wa giza dagaa wanamwagika.
Mbalamwezi ikiwaka, kisado kinapanda mara tatu.
Nikiandika leo, wiki ijayo mama ni muongo."

Mwongozo wangu wa kusahihisha unasema:
bei zote zimejazwa, alama tano.
Nikachomoa kalamu nyekundu.
Nikajiona kwenye kioo cha namba sita,
nimeinama juu ya mgebuka,
kalamu tayari.
Nikairudisha mfukoni.

Saa tano na robo umeme ukakatika.
Yowe lililotoka
lilikuwa la watu ishirini na wawili wasiohifadhi.
Songoro alikuwa amehifadhi mara nne.
"Mama huhesabu hata vijiti vya meno," akasema.

Jumamosi nikapita Kibirizi.
Karatasi ipo, imevalishwa nailoni, imetundikwa kwa msumari,
wino wa printa yetu umefifia kama chai ya mwisho.
Pale palipoachwa wazi
mama ameandika bei kwa mkaa juu ya nailoni;
asubuhi hufuta kwa kitambaa kibichi, huandika upya.
"Kumenya nakujua tangu utoto," akaniambia,
"hii menyu ndiyo amenifundisha mwanangu."
Nikaisoma yote, juu hadi chini,
kisha nikauliza kama kila mtu:
"Leo kuna nini?"

Jumatatu nimewahi darasani kabla yao.
Namba sita imeshamzoea mgebuka.
Namba saba bado inamvujisha damu.
Nimevuta kiti,
nimeanza na kuhe.