Kona ya Tatu

Kupanda Kalinzi kuna kona ya tatu,
gari langu linaijua kuliko ninavyoijua mimi.
Likifika pale linakohoa mara mbili,
linashusha pumzi kama mtu aliyetaka kusema jambo
akaghairi,
linazima.

Nyuma nimepakia mawese ya Simbo,
madumu arobaini na moja, mekundu hadi shingoni.
Wachuma kahawa wanapita, wanauliza: kulikoni?
Najibu: mafuta hayafiki.
Wanayatazama madumu, wananitazama mimi,
wanacheka hadi wanashika magoti.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi.
Ukikaa robo saa, ukala muhogo wako, ukawasha,
linawaka.
Linawaka kama halijawahi kukukosea.
Linakupeleka mita mia nne, likuache tena
penye ukungu na pasipo na mtu.

Nilibadilisha chujio. Nikabadilisha na la pili.
Nikakaza vibano vya mpira wa mafuta
mpaka spana ikateleza, ikanichuna kidole.
Nikalegeza boliti ya hewa, namba kumi,
nikaminya pampu ya mkono, minya, minya,
likatoka povu, povu, na povu tena,
kisha dizeli tupu, nyembamba, isiyo na kelele.
Nikasema: basi, limepona.
Kona ya tatu ikasema: bado.

Ndipo nikamtafuta mwenye kosa,
na mtu akitafuta mwenye kosa
huanza na yule anayemdai.
Dafroza wa njia panda ya Mwandiga,
muuza dizeli ya madumu,
deni lake lilikuwa na wiki mbili mfukoni mwangu.
Nilimwendea asubuhi, wateja wakiwa watatu.
Nikasema, umetia maji.
Nikasema, na mafuta ya taa umetia.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayelipa taslimu.

Hakujibu.
Alijaza dizeli chupa nyeupe,
akaisimamisha juani, juu ya kigoda.
"Kaa uitazame."
Nikakaa. Maji hushuka chini, nani asiyejua.
Jua likapenya chupa hadi kitako;
chini hapakuwa na kitu.
Kisha akaniinulia faneli yake usoni,
mdomo umefungwa kitenge, mikunjo miwili.
"Mimi huchuja kabla sijakuuzia.
Wewe huchuja lini?"

Fundi Eliazeri Gwasa alilala chini ya gari,
nati zikalia moja moja, tangi likashuka.
Akalitikisa karibu na sikio langu:
kayamba.
Akamimina kwenye karai.
Kutu. Magamba ya kutu, mengine mapana
kama maganda ya karanga,
na tope jekundu la miaka thelathini na minane,
na kizibo cha plastiki nilichokipoteza mwenyewe
mwaka ule wa msiba wa shangazi,
nikamsingizia utingo wangu, Bihama,
nikamkata mshahara.

"Mlimani injini inavuta kwa nguvu," alisema Eliazeri,
"takataka zinapanda, zinaziba mdomo wa bomba.
Ukizima, zinashuka, zinalala.
Wewe ulidhani linakusamehe."

Tulitia changarawe na dizeli kidogo ndani ya tangi,
watoto wake wanne wakaliviringisha uani
wakishangilia, huko na huko,
mpaka maji ya kutu yakageuka kijivu
na mkono wangu, nilipouingiza, ukatoka mkavu wa aibu tu.

Jioni nilimpelekea Dafroza pesa zake.
Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo.
"Na yale maneno?"
Nikafungua mdomo. Akanizuia kwa kiganja.
"Si hapa, si sisi wawili.
Jumamosi. Wale watatu watakuwepo."

Leo nimeipita kona ya tatu kwa gia ya pili,
bila kikohozi, madumu yakigongana kwa furaha yao.
Jumamosi ni keshokutwa.
Njia nzima nimeyafanyia mazoezi, maneno machache tu,
mepesi, hayana hata uzito wa dumu tupu,
na kila nikiyaanza
koo langu linakohoa mara mbili,
linazima.