Mizani ya Maharagwe

Walianza na kiti.
Jumatatu alifika kwenye kibanda cha kupimia malori
akakuta meza, daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi,
na alama nne sakafuni, pale miguu ya kiti ilipokuwa.
Hakuuliza. Alisimama zamu nzima
akipima mahindi ya watu,
akarudi Kaptembwo na viatu mkononi.

Kosa lake nalijua kama nijuavyo bei ya unga:
alikataa kuandika tani ishirini na nane
pale mashine iliposema thelathini.
Mkulima wa Njoro alikuwa dirishani,
kofia kifuani, akihesabu kwa midomo.

Baada ya kiti, zamu za usiku.
Baada ya zamu, ufagio:
karani wa miaka kumi na moja anafagia makapi
mbele ya vijana aliowafundisha kazi.
Kisha barua. Jieleze kwa nini usichukuliwe hatua.
Wekulo akajieleza kurasa mbili,
mwandiko wake ule wa kulala upande mmoja.
Hawakujibu. Waliandika nyingine.

Mimi nikachukua daftari la hesabu la Nafuna,
lile lililobakia kurasa,
nikawa naandika akishalala:
tarehe, saa, nani alisema, nani alisikia.
Wake wengine huficha pesa. Mimi nilificha tarehe.

Odipo aliona yote. Nilimfuata hadi kwake Rhonda.
Alinimiminia chai, akautazama mlango.
"Macho yangu yameona, shemeji,
lakini mdomo wangu una mkopo wa SACCO."
Sikumlaumu. Chai yake niliimaliza.

Wakili yuko ghorofa ya tatu, ngazi za giza.
Wekulo alikitazama kiti cha wageni
kama anayengoja ruhusa.
"Ukiacha kazi kwa hasira," wakili akasema,
"itabidi tuthibitishe kwamba ulisukumwa.
Ukibaki, tunza kila karatasi.
Afisa wa kazi kwanza, mahakama baadaye.
Sheria inakupa miaka mitatu."
Kisha akataja ada yake.
Nikaigeuza kichwani: kilo mia tatu za maharagwe.

Usiku tulibishana kwa kunong'ona,
watoto nyuma ya pazia.
Mimi: washtaki.
Na mimi huyo huyo, muda si muda:
kwani ungeandika tu ishirini na nane, ungekufa?
Neno likatoka. Halikurudi.

Aliinuka, akachukua barua ya tatu ya onyo,
akaiweka juu ya mizani yangu ya biashara.
Mshale haukutikisika.
Akacheka, mara ya kwanza tangu kiti.
Halafu kicheko kikakatika.
Akaitoa barua, akainama,
jicho likawa sawa na mshale.
"Sahani ni tupu," akasema,
"nayo imeshahesabu gramu arobaini."

Nilikuwa najua.
Tangu mshahara wake ukatwe nilikuwa najua.

Hakuniuliza. Alitafuta kisu cha mkate,
akazungusha skrubu chini ya sahani, taratibu,
ulimi kwenye kona ya mdomo,
mpaka mshale ukalala juu ya sufuri.

Nikalitoa daftari chini ya godoro.
Kabla ya kumpa niliandika mstari mmoja zaidi,
tarehe ya leo, jina langu, gramu arobaini.
Akasoma kuanzia mwanzo, kidole chini ya kila saa.
Alipoufikia mstari wangu alitua kidogo,
akafungua ukurasa uliofuata, ambao haukuwa na kitu.
"Alhamisi," akasema. "Afisa wa kazi hufungua saa mbili."

Asubuhi nilimpimia Mama Chesang nusu kilo.
Akauinua mfuko, akaupima kwa mkono,
akanitazama.
"Leo umeniongeza?"
"Hapana," nikasema. "Ni nusu kilo."