Mapigo Kumi na Moja

Jumamosi ya pili ya Oktoba, mabibo yameiva
hadi njia nzima ya Chikundi inalewesha inzi,
mama alijifunga kanga mbili, akanitwika ndoo ya ming'oko,
akasema: leo hatuendi kuuza.
Tukiuza, sawa.

Ndanda walishapanga mabenchi chini ya turubai la ushirika,
bado lina vumbi la korosho za mwaka jana.
Bruda Kolbiniani kavaa bukta yake ya ngozi,
imekakamaa kama kiatu kilichosahauliwa juani,
soksi kazivuta hadi chini ya magoti.
Watoto walimcheka kwa adabu, yaani walimpa mgongo kwanza.

Kwetu, alituambia (hutuambia kila mwaka),
mkubwa wa mji ndiye hutoboa pipa la kwanza,
na watu huhesabu nyundo.
Mapigo mawili, huyo fundi.
Matano, atataniwa mwaka mzima.
Yakizidi hapo, asigombee tena.

Pipa la mninga, kalichonga mwenyewe karakana.
Ndani, uraka wa mama,
wa siku mbili tu, mtamu bado, haujaanza ugomvi.
Mjomba Chinguile, asiyegusa kileo,
alikaa mbele kabisa na bilauri ya juisi:
"Mimi nimefuata matarumbeta."

Moja! tukapaza. Mbili!
Bomba likateleza likaangukia nyasi.
Tatu, nne, kicheko.
Sita, kicheko kimepungua.
Saba, tukauona mkono.
Si nyundo iliyokuwa ikitetemeka.
Kufika tisa hakuna aliyehesabu
ila mtoto mmoja wa Lukuledi, mgeni, asiyejua,
sauti yake peke yake chini ya turubai: Tisa!
Kumi!

Mama akasimama. Akafuta viganja kwenye kanga.
Hakuomba; aliipokea nyundo
kama unavyompokea mtu mtoto anayelia.
"Wewe shika bomba. Mimi nagonga."

Uraka uliruka ukamlowesha Bruda ndevu zote,
na bendi ikaanza kabla haijaambiwa,
tarumbeta moja nyuma ya wenzake
hadi mwisho wa wimbo.

Baadaye alikaa nasi, akala ming'oko kwa chachandu,
akapulizapuliza ulimi, akaongeza.
Mama akamuuliza kama kwao wanamkumbuka.
"Walionijua wamekwisha," akasema, bila huzuni,
kama mtu anayetaja bei.
"Zamani nikifumba macho nilinusa shayiri.
Siku hizi nafumba, nanusa mabibo."
Kisha akauliza kama chachandu imebaki.

Giza lilitukuta darajani. Nilikuwa nahesabu hela:
elfu tisa na mia tano, noti moja imelowa.
Ndoo ilikuwa tupu
lakini shingo yangu ilikataa.
Nikaitua, nikachungulia.

"Twende," mama alisema. "Mwakani si mbali."
Nikajitwika tena, na nyundo ndani ikagonga
mara moja.