Herufi Tano

Kabla ya Sheffield, kabla ya kamusi,
nilikwishazijua:
transfoma juu ya nguzo, nyuma ya ghala la pamba, Magu,
ililipuka kila masika tukala gizani;
transista ya mjomba Ng'wandu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli;
TRANSPOTI, rangi nyekundu, ubavuni mwa lori
lililobeba pamba na kutuachia vumbi.
Sikuuliza maana. Nani huuliza jina la mlango
naye anapita?

Leo ghorofa ya tatu, idara ya figo.
Mimi mkalimani, pauni kumi na nane kwa saa.
Daktari Fairhurst anatamka neno refu,
na hizo tano ziko mbele, zimetangulia kama taa ya baiskeli.
Nabintu ananitazama mdomoni.
Kiswahili chake ni cha Uvira, changu cha Magu;
hata kati yetu kuna ziwa.

Kupandikiza, nasema.
Anashtuka. "Kama mpunga? Kama kule Ruzizi?"
Kama mpunga, mama.
"Basi kule kitaluni, nani amebaki na shimo?"

Warumi wa kale, nilisoma kwenye tramu,
walikiita hivyo kila kilicho upande wa pili,
wa mto, wa mlima.
Sisi tuna ng'ambo.
Ila wao hukwambia mapema, neno halijafika;
sisi hungoja mkia:
vuka, vusha, vushwa, vushia.
Nani kavuka mwenyewe, nani kabebwa,
nani kamlipia mwenzake nauli,
usikatize, subiri silabi ya mwisho.

Ni mtu hai, anasema daktari. Hakutaka jina lake litajwe.

Nabintu ananyamaza. Anakunja barua mara nne,
anaikunjua.
Mvua inapiga dirisha, kalamu ya hospitali imegoma kuandika,
ninampa yangu.
Kisha: "Muulize. Hiyo figo ya Kizungu,
nikiisemesha usiku, itanielewa?"

Sheria ya kazi yangu: usiongeze, usipunguze,
hata mzaha, hata kama si mzaha.
Nikaupakia wote, nikausukuma.
Daktari akainamisha kichwa, akangoja uwasili.

Kicheko chake kilikuja kimechelewa,
kidogo,
miguu bado imelowa maji.