Kaa

Neno la kwanza nililoandika daftarini ni "kaa".
Cito, mdogo wangu, ndiyo kwanza anajifunza kusoma:
akalitamka, akaketi.
Kisha akauliza, kaa wapi?

Sikuwa na jibu. Alfajiri nikapanda pikipiki,
Bukavu ikibaki nyuma ikikohoa moshi wa makaa,
hadi kinamasi cha Cidorho, penye mafunjo,
na Mama Nsimire tayari yumo, matope magotini,
mkono mzima ndani ya shimo kama anatafuta funguo.

"Milimita thelathini na nne. Dume. Gando la kulia limekatika."
Naandika.
"Ishirini na tisa. Dume."
Naandika. Penseli, maana wino hulia ukilowa.

Hajui, au anajua na hasemi,
kwamba miaka sita nilifyatua matofali papa hapa.
Nilikata udongo huu kwa jembe, nikauchoma,
nikauuza kwa lori, mwendo wa kwenda Kadutu.
Mashimo niliyaona. Nilidhani ya panya.
Mara moja moja tofali lilitoka tanuruni lina tundu,
na mteja akidai apunguziwe franka,
nami nikiapa kwamba ni hewa tu.

Saa tatu akamtoa jike.
Akamgeuza taratibu, akafunua kikunjo cha tumbo:
watoto, wadogo kuliko punje za ulezi,
kila mmoja na magando yake kamili, wameshikana.
"Kaa wa pwani huachia bahari ilee," akasema.
"Huyu hana bahari. Anabeba mwenyewe
hadi wajue kutembea."

Hapo ndipo Bwana Zihalirwa akafika
na vigingi kwapani, na kamba, na kijana wa nyundo.
Parseli ameinunua, karatasi anayo, ina mihuri miwili.
Nilijiandaa kumchukia.
Lakini mvua ya Aprili ilishusha mlima juu ya nyumba yake kule Funu,
na mkewe hadi leo analala kwa shemeji, sebuleni.
Akamtazama yule jike kiganjani mwangu,
akatutazama sisi, akasema polepole,
"Na mimi pia natafuta pa kukaa."

Mama Nsimire akanyamaza.
Chini yetu kijito kilikuwa kinatoka kwenye mafunjo, cheupe,
na wanawake watatu wakiinamisha bidoni zao,
maji yakipanda sauti kadiri bidoni inavyojaa.
Akavionyesha kwa kidevu. Hakuongeza neno.

Jike akainua gando.
Wahenga wanasema hapo mambo yamekatika.
Hayakukatika. Zihalirwa alicheka, akakuna kisogo,
akasogeza kigingi kimoja hatua tano kuelekea barabarani,
vingine akavipigilia palepale alipopanga,
nasi tukamshikia kamba, kwa sababu alikuwa peke yake upande ule
na kijana wa nyundo alikuwa na mikono miwili tu.

Jike nilimrudisha shimoni.
Aliingia kinyumenyume, akiniangalia,
kama mtu anayefunga mlango kwa mgeni asiyemwamini.

Jioni Cito akafungua daftari, kurasa zimevimba kwa maji.
Akafuata mstari kwa kidole:
Kaa, kumi na mmoja. Jike mwenye watoto, mmoja.
Safari hii hakuketi.
Akauliza, "Wamekaa?"