Dakika Ishirini Jikoni kwa Verna Pinkham

Kisima kina futi mia mbili na arobaini,
kimepenya graniti kama sindano kwenye goti.
Alton alikichimbisha mwaka wa sabini na nne,
mwaka ambao theluji ya Maine, anasema Verna, ilikataa kuaga hadi Mei.
Risiti ipo bado, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati
chini ya namba ya daktari wa mifugo
ambaye naye sasa ni marehemu.

Nafungua bomba, nayaacha yatiririke dakika tano,
maana maji yaliyolala bombani hayana habari za mwamba.
Yanatoka baridi ya kuuma meno,
maangavu, bila harufu, bila ladha.
"Umeyaona?" anasema. "Ungeweza kuyauza."

Nachota hadi alama. Unga wa kwanza, natikisa.
Wa pili, natikisa. Wa tatu ni zinki,
na povu linaanza kunong'ona lenyewe.
Nafunika. Ndani ya kifuniko kuna kipande cha karatasi
cheupe, kidogo kuliko stempu,
kinaingoja hewa itakayopanda.
Naomba dirisha liwe wazi, hewa hiyo si ya kuvuta.
Anafungua, na inzi weusi wa Juni wanaingia bila hodi.

Dakika ishirini ni ndefu kwa mwenye nyumba.
Anateleka birika.

Kwetu Morogoro mama alikuwa na amri tatu:
chemsha, chuja, funika.
Nilikuja nazo huku kama hirizi,
na huku ndiko nilikofunzwa
kwamba kuchemsha hakuui kisicho hai.
Mvuke huondoka na maji tu.
Aseniki hubaki sufuriani, imejipanua,
kama mgeni ambaye wenzake wameshaaga.

"Chai?"

Jibu nililijua, limo kwenye mwongozo, ukurasa wa sita.
Lakini kikombe kilikuwa tayari hewani,
kina ufa, kina picha ya trekta,
na mkono uliokishika ulitetemeka kidogo.
Nikapokea. Nikanywa nusu.
Si ushujaa. Ni malezi.

Dakika ya nane, karatasi ina manjano ya jino la mvuta tumbaku.
Ya kumi na nne, ina rangi ya kile nilichokuwa nakinywa.
Ya ishirini, hudhurungi.
Nikailinganisha na kadi ya rangi karibu na dirisha,
nikageuka, nikailinganisha tena nikiupa mwanga mgongo,
nikitafuta jicho lenye huruma zaidi.
Baina ya mia na mia mbili.
Sheria inasema kumi.

Verna hakuuliza kuhusu sheria.
"Alton," akasema, "ilikuwa kibofu."
Nikamwambia karatasi inapima maji,
maabara itapima vizuri zaidi, mimi si daktari.
Yote yalikuwa kweli.
Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Wiki tatu baadaye nilimpigia simu.
Mia moja arobaini na sita, nikasema.
"Mia moja arobaini na sita nini?"
Katika bilioni. Nikasikia nilivyokuwa sieleweki,
nikajaribu kwa saa ya ukutani:
chukua miaka thelathini na miwili, sekunde baada ya sekunde.
Humo ndani, sumu ni kama dakika mbili na nusu.
Kimya. Kisha kicheko kifupi, kikavu.
"Alton alichelewa kuliko hapo kila siku ya chakula cha jioni,
na nilimngoja."

Nikamweleza kuhusu chujio, bei yake, fomu ya ruzuku.
Nikamwambia kuoga hakuna neno,
kunywa na kupikia ndiyo aache, leo hii.
Alikuwa anaandika, penseli ilisikika.
Nyuma yake bomba lilikuwa linadondoka.
"Na ile chai," akauliza, "uliimaliza?"
Nusu.
"Afadhali," akasema, akakata simu.