Jumamosi Bila Saksafoni

Mama alikuwa mweka hazina. Hakupiga ala yoyote,
hata dansi hakucheza; miguu yake, alisema, ina deni na jiko.
Lakini ufunguo wa Mikumbi Jazz
ulining'inia shingoni mwake miaka kumi na tisa,
na daftari la klabu, lililotafunwa na mende pembeni,
ninalo mimi.

Ukurasa wa kwanza:
Akwilombe, senti hamsini.
Chinguile, mkata mkonge, senti hamsini.
Makuli wanane wa gatini, kwa pamoja, shilingi sita.
Bi Nangoma wa vitumbua, "atatoa Ijumaa".
Na chini yake, kwa wino mwingine: katoa.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyonunuliwa,
kwa mwenye duka aliyecheka kwanza,
kisha akaacha kucheka debe lilipomiminwa mezani,
akaomba siku mbili za kuhesabu.
Hati ikabeba majina arobaini na moja, yote ya watu weusi wa Lindi.
Wasiojua kusaini walibonyeza dole gumba.
Karani alinung'unika kwamba karatasi haitoshi.

Usidhani palikuwa pazuri.
Popo darini, choo uani, saruji imepasuka
mpaka wenye viatu vya kisigino walijua pa kutokanyaga.
Karabai ilikuwa moja. Ikianza kufifia
mpiga ngoma ndiye aliyeinuka kuipiga pampu,
kwa hiyo wimbo wa sita siku zote ulikosa ngoma.
Wageni kutoka Masasi waliona ni ufundi.

Jumatano vijana walijifunza gitaa
kwa waya za breki za baiskeli.
Penye msiba, mabenchi yalitangulia kufika
kabla ya ndugu wa marehemu.

Sasa, masika yale, mamake Nkinde akafia Nachingwea.
Nkinde wetu, wa gitaa la pili.
Lori linatakiwa, sanda inatakiwa, mchele,
na sanduku la klabu lina shilingi nne.
Mama aliandika bila mkono kutetemeka:
Saksafoni, rehani, duka la baiskeli, shilingi mia na ishirini.
Akwilombe aliipangusa, akaifunga kwa kanga ya mkewe,
akaipeleka mwenyewe.
"Pumzi ninayo," alisema. "Bomba tutalifuata."

Jumamosi ukumbi ulijaa kama kawaida; nani angewaambia wasije?
Chinguile akaanzisha. Besi ikaingia. Ikafika pale.
Unapajua pale, kila wimbo una pale pake,
ambapo saksafoni hujitokeza kama mtu aliyeitwa jina.
Akwilombe alisimama, mikono mitupu.
Pigo moja. Mapigo mawili.
Ndipo Bi Nangoma, mlangoni, sinia kichwani,
akafumba mdomo na kuivumisha sehemu ile puani,
nusu akikosea.
Makuli wakaidaka. Wake zao wakaidaka.
Ukumbi mzima midomo imefumbwa,
na mabati juu yanatetema.

Usiku ule mama alifunga hesabu:
Mapato ya mlangoni, shilingi sitini na mbili.
Saksafoni: haikuwepo. Ilisikika.

Ilikombolewa baada ya miezi mitatu, imepata kutu kidogo kwenye shingo.
Ila Akwilombe, kila akifika pale,
aliishusha kifuani na kuwangoja watu.
Nkinde alipokuja kuulizia deni lake
mama alimgeuzia daftari: "Nionyeshe safu yake iko wapi."

Leo ni ghala la korosho.
Mizani inaning'inia palipokuwa na karabai.
Mlinzi, kijana mpole, aliniruhusu dakika tano
akidhani nimefuata stakabadhi za magunia.
Nilisimama juu ya ule ufa wa saruji, ungalipo.
Nikafumba mdomo.
Nikahesabu pigo moja,
mawili.